Hisa "inayokaribia kupasua dari": tuonyesheni na zilizoshindwa!

Jamani, kuna biashara imeingia mjini na inanikera. Kila wiki napata ujumbe wa WhatsApp au Telegram wa aina hii: "HISA TATU ZINAZOKARIBIA KUPASUA DARI! Lipa shilingi 1,500 kwa mwezi, upate orodha kila asubuhi kabla soko halijafunguliwa." Chini yake kuna picha ya mchoro wa bei. Mstari mwekundu umelazwa juu, na mshale wa kijani unautoboa kuelekea mbinguni. Na watu wanalipa. Watu ninaowajua, wenye akili timamu na mkopo wa sacco ambao haujakauka wino, wanalipa.

Mimi si mshauri wa uwekezaji. Kazi yangu ni kuandika programu. Lakini kinachouzwa hapa ni programu, na hapo nina haki ya kusema. Hoja yangu leo ni moja tu: programu inayochuja hisa zinazokaribia dari haijakuambia kitu mpaka ikuonyeshe hisa zote ilizowahi kuzitaja, zikiwemo zilizogonga dari zikaanguka, na mpaka itoe ada za kununua na kuuza. Bila hayo mawili, unachonunua ni tangazo.

Twende polepole, ili hata asiyewahi kununua hisa tuwe naye.

DARI NI NINI?

Chukua hisa yoyote. Mara nyingi utaona bei inapanda, inafika mahali fulani, inarudi. Baada ya miezi inapanda tena, inafika pale pale, inarudi. Mahali hapo wachambuzi wa michoro wanapaita dari. Mahali ambapo bei ikishuka hukataa kushuka zaidi, wanapaita sakafu. Wazo ni kwamba siku bei itakapopita dari, wauzaji wa pale wamekwisha, njia imefunguka, na bei itapaa. Kwa hiyo ukiweza kuzijua hisa zilizo hatua moja chini ya dari, utanunua leo na kesho upande nazo.

Sitaki kusema dari ni hadithi za abunuwasi. Zina sababu. Mfano mzuri tunao hapa nyumbani. Mwaka 2008 serikali iliuza asilimia 25 ya Safaricom, hisa bilioni 10, kwa shilingi 5 kila moja. Mamia ya maelfu ya Wakenya walinunua, wengine kwa mikopo ya benki. Hisa ilianza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni 2008, ikapita shilingi 7, kisha ikaporomoka. Mapema mwaka 2009 ilikuwa chini ya shilingi 3.

Sasa jiweke katika viatu vya yule mwalimu aliyekopa akanunua kwa 5. Kila akiangalia bei anasema moyoni: "Ikirudi tano tu, nauza, nilipe benki, nisahau." Wako wengi kama yeye. Kwa hiyo bei ikikaribia 5, oda za kuuza zinamiminika. Hiyo ndiyo dari: kumbukumbu ya watu wengi walioumia kwa bei moja. Ni jambo la kweli, na halihitaji uchawi wowote kulieleza.

Swali langu ni jingine. Je, kuiona dari kunakuambia kama itapasuka?

PROGRAMU YENYEWE NI MISTARI SABA

Wauzaji wa orodha hizi hupenda kusema wana "mfumo" au "akili bandia". Basi ngoja niwape huo mfumo bure. Huu hapa, kwa Kiswahili cha kawaida, uuandike mwenyewe kwa Python au hata kwa Excel:

kwa kila hisa sokoni:
    dari = bei ya juu kabisa ya siku 250 zilizopita
    pengo = (dari - bei ya leo) / dari
    kiasi = hisa zilizouzwa leo / wastani wa siku 20
    kama pengo liko kati ya 0 na 0.03
        na kiasi kimezidi 1.5:
            ongeza hisa hii kwenye orodha

Basi. Siku 250 ni takriban mwaka mmoja wa siku za soko. Pengo la 0.03 maana yake hisa iko ndani ya asilimia 3 chini ya dari. Kiasi cha 1.5 maana yake leo zimeuzwa hisa mara moja na nusu kuliko kawaida, jambo ambalo hutafsiriwa kuwa "wakubwa wanaingia". Wengine watabadilisha 250 iwe 55 au 20, wengine wataongeza wastani wa bei wa siku 50, lakini mifupa ni hii hii. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kompyuta ataimaliza kabla chai haijapoa.

Isome tena. Je, umeona mahali popote programu inapouliza kama kampuni inapata faida? Inadaiwa kiasi gani? Je, umeona mahali inapohesabu ni mara ngapi hisa za namna hii zilipasua dari, na mara ngapi zilirudi chini? Hakuna. Programu inajibu swali moja tu: "Bei iko wapi ukilinganisha na bei ya zamani?" Jibu la swali hilo ni sahihi asilimia mia. Shida ni kwamba muuzaji analichukua jibu hilo analiuza kama jibu la swali lingine: "Bei inaenda wapi?"

DARI MOJA, MATOKEO MAWILI

Turudi kwa Safaricom na shilingi zake 5, maana mfano huu unafundisha kuliko darasa zima.

Mwaka 2010 bei ilipanda, ikafika 5, ikaipita. Dari imepasuka! Kama kungekuwa na vikundi vya Telegram wakati huo, simu zingewaka moto. Kila alama ya kitabuni ilikuwepo: dari inayojulikana na kila mtu, hisa yenye wanunuzi wengi kuliko zote nchini, kampuni yenye M-Pesa inayokua. Aliyenunua kwa sababu "imepasua dari" alipata nini? Kabla ya mwaka 2011 kwisha, hisa hiyo hiyo ilikuwa karibu na shilingi 3.

Kisha mwishoni mwa 2012 ikarudi 5 tena, ikapita tena. Safari hii haikurudi. Mwisho wa mwaka 2013 ilikuwa zaidi ya shilingi 10. Aliyenunua alipata mara mbili ya pesa zake.

Dari ni ile ile. Kampuni ni ile ile. Mistari saba ile ile ingekuletea jina lile lile mara zote mbili, na mara zote mbili ungeona mshale wa kijani. Mara moja ungepoteza karibu nusu ya pesa, mara nyingine ungezidisha mara mbili. Tofauti kati ya 2010 na 2013 haikuwa kwenye mchoro. Ilikuwa kwenye biashara yenyewe: vita vya bei za simu vilivyoanza 2010 vikala faida ya kampuni, kisha vikapoa, na M-Pesa ikaendelea kukua. Ulitakiwa kusoma taarifa za hesabu, siyo kuhesabu mishumaa.

Na sasa angalia ujanja wa biashara. Leo mtu akikuuzia orodha, atakuonyesha mchoro wa 2013. Wa 2010 hautauona kamwe. Hajakudanganya hata neno moja, lakini umeshadanganyika.

SOKO LETU SI NEW YORK

Hapa ndipo ninapokasirika kama mwandishi wa programu. Programu nyingi za kuchuja hisa ziliandikwa kwa ajili ya soko la Marekani, ambako kuna kampuni maelfu, na hisa za kampuni kubwa hubadilishana mikono kwa mamilioni kila siku. Mtu anaichukua, anaibandika data ya Nairobi, anaanza kutoza pesa. Hajauliza kama kanuni za kule zina maana hapa. Acha nihesabu matatizo.

1. Biashara ni ndogo mno. Soko la Nairobi lina takriban kampuni 60. Siku nyingi Safaricom peke yake, pamoja na benki chache na East African Breweries, hubeba sehemu kubwa ya biashara yote. Kampuni nyingine zinaweza kumaliza siku bila hisa kuuzwa, au zikauzwa mia tu. Sasa weka hisa kama hiyo kwenye mistari yangu saba. Tuseme bei ni shilingi 40, dari ni 44, na wastani wa siku 20 ni hisa 60 kwa siku. Mtu mmoja anataka hisa 100, na muuzaji pekee aliyepo anataka 43. Anazinunua. Pengo sasa ni asilimia 2.3. Kiasi ni 1.67. Hongera, hisa imeingia kwenye orodha: "wakubwa wanaingia"! Mkubwa mwenyewe ametoa shilingi 4,300. Hiyo ni karo ya nani, jamani?

2. Orodha yenyewe inasogeza bei. Sasa ujumbe unatumwa kwa watu 300. Kila mmoja akiweka shilingi 10,000 tu, hizo ni milioni 3 zinazoifukuza hisa ambayo kwa siku huuzwa kwa elfu chache. Bila shaka itapasua dari! Halafu nani ataziuza hizo hisa kwa bei hiyo ya juu? Yule aliyekuwa nazo kabla ujumbe haujatumwa. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Simtuhumu mtu yeyote. Nasema tu kwamba mfumo ukikaa hivi, mwenye orodha halazimiki kuwa na kipaji cha kutabiri. Inatosha awahi.

3. Bei haiwezi kusogea itakavyo. Kwa kawaida hisa hapa hairuhusiwi kupanda au kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku. Watu wanadhani hilo linawalinda. Fikiria upande wa pili. Ushauri wa kila kitabu cha kupasua dari ni huu: ikirudi chini ya dari, uza mara moja, usione haya. Vizuri. Lakini hisa ikishuka asilimia 10 na hakuna mnunuzi, utamuuzia nani? Kesho inashuka tena asilimia 10, bado hakuna mnunuzi. Wewe una kitufe cha "uza" kwenye simu na hakiuzi kitu. Kwenye picha ya mchoro, mlango wa kutokea umechorwa. Sokoni, umefungwa.

4. Bei ya kufunga ni wastani. Nairobi, bei ya kufunga siku ni wastani wa biashara zote za siku hiyo, ukipimwa kwa wingi wa hisa. Siyo bei ya biashara ya mwisho. Vitabu vya Marekani vinaposema "subiri hisa ifunge juu ya dari", vinazungumzia mapigano ya dakika za mwisho. Hapa namba hiyo ina maana nyingine kabisa, na programu haijui.

5. Data ni chafu. Mwaka 2007 KCB iligawanya kila hisa moja kuwa 10. Mwaka 2009 Equity ikafanya vivyo hivyo. Mwenye hisa hakupoteza kitu, bei iligawanywa kwa 10 na idadi ikazidishwa kwa 10. Lakini ukilisha programu bei za zamani bila kuzirekebisha, itaona dari kubwa angani ambayo haijawahi kuwepo. Mbaya zaidi ni Kenya Airways. Hisa zake zilisimamishwa kuuzwa Julai 2020 na hazikurudi sokoni mpaka Januari 2025. Miaka minne na nusu bei imeganda, mstari umenyooka kama barabara ya Garissa. Wataalamu wa michoro husema hisa ikitulia muda mrefu mahali pamoja inajenga "msingi imara" wa kupaa. Programu isiyokaguliwa ingeiona hisa iliyofungiwa ikadhani imetulia!

HESABU AMBAYO HAWAKUONYESHI

Tuchukue kalamu. Nakupa mfano wa kubuni, na nimekuwa mkarimu kwa makusudi. Tuseme orodha ni nzuri kiasi kwamba katika kila hisa 100, 45 zinapasua dari na unapata asilimia 8, na 55 zinashindwa na unapoteza asilimia 5 kwa sababu uliuza haraka.

0.45 × 8 = 3.60
0.55 × 5 = 2.75
Faida kwa wastani: asilimia 0.85 kwa kila biashara.

Umefurahi? Subiri. Tuseme wakala wako, pamoja na tozo zote, anakata asilimia 1.8 ukinunua na 1.8 ukiuza. Angalia karatasi yako ya mkataba uone namba yako halisi, weka hiyo. Jumla ni 3.6. Faida ya 0.85 ukitoa 3.6 ni HASARA ya asilimia 2.75 kwa kila biashara, na orodha ilikuwa nzuri!

Anza na shilingi 100,000, fuata orodha mara 10 kwa mwaka. Utabaki na takriban 75,700. Katika mwaka huo, ada peke yake zimekula zaidi ya shilingi 30,000. Ongeza 1,500 ya orodha kila mwezi, 18,000 kwa mwaka, na umebaki na chini ya 58,000. Ili usipate hasara wala faida kwenye hisa zenyewe, orodha inatakiwa kuwa sahihi mara 66 katika kila 100. Karibu theluthi mbili! Mwulize muuzaji wako kiwango chake ni kipi. Akikujibu kwa picha ya mchoro mmoja, una jibu.

Na hili la kununua na kuuza mara kwa mara limepimwa. Brad Barber na Terrance Odean walichunguza akaunti za familia 66,465 za Marekani kati ya 1991 na 1996, wakachapisha mwaka 2000. Soko lilitoa asilimia 17.9 kwa mwaka. Waliouza na kununua mara nyingi zaidi walipata 11.4. Hao waliishi kwenye soko lililokuwa linapanda, lenye wanunuzi kila dakika. Sisi tunataka kufanya vivyo hivyo kwenye soko ambalo hisa nyingine hupita siku nzima bila kuulizwa bei.

UJANJA WA KUCHAGUA KANUNI

Kuna swali utaulizwa: "Lakini mbona wametuonyesha majaribio ya data ya miaka 10 na faida ni kubwa?"

Nitakueleza yanavyopikwa. Unachukua siku 20, 55 na 250. Unachukua pengo la asilimia 1, 3 na 5. Unachukua kiasi cha 1.5 na 2. Hizo ni kanuni 18. Unazijaribu zote kwenye data ya zamani, unachagua iliyotoa faida kubwa kuliko zote, unaipa jina la kiingereza lenye kishindo, unaiuza. Kumi na saba zilizobaki hazitajwi. Ukiwapa watu 1,024 shilingi kila mmoja airushe mara 10, kwa wastani mmoja atapata kichwa mara zote 10. Huyo si bingwa wa kurusha shilingi. Lakini ukimpiga picha yeye peke yake, anafanana sana na bingwa.

Hili nalo si maneno yangu tu. Mwaka 1999 Ryan Sullivan, Allan Timmermann na Halbert White walichapisha utafiti wa karibu kanuni 8,000 za kufuata bei, zikiwemo za dari na sakafu, kwa data ya karibu miaka 100 ya soko la Marekani. Kanuni iliyoshinda zote katika data ya zamani ilipopelekwa kwenye miaka 10 iliyofuata, haikuonyesha uwezo wowote wa kuaminika.

Miaka michache iliyopita mteja mmoja, simtaji, alinipa kazi ya kumjengea programu ya namna hii. Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye ukurasa wa historia. Mimi niliweka kila hisa iliyowahi kutajwa, tarehe, bei, na kilichotokea baada ya siku 30. Akaniambia: "Ondoa zilizoshindwa, zinawachanganya wateja." Nikamwambia hizo ndizo habari yenyewe. Hatukuelewana, tukaachana. Sijui kama alipata mwingine wa kuimaliza, ila kurasa za aina aliyoitaka ninaziona kila siku.

"LAKINI UTAFITI UNAUNGA MKONO!"

Nawajua wasomaji wangu, kuna mmoja ameshafungua dirisha la pili anatafuta ushahidi wa kunipinga. Nitamsaidia, kwa sababu upo.

Mwaka 2004 Thomas George na Chuan-Yang Hwang walionyesha kwamba hisa za Marekani zilizo karibu na bei yake ya juu ya wiki 52 zilifanya vizuri kuliko zilizo mbali nayo. Ni utafiti wa kuheshimika. Lakini soma walichofanya. Walipanga maelfu ya hisa kwa madaraja, wakatazama kikapu kizima cha zilizo karibu dhidi ya kikapu kizima cha zilizo mbali, kwa kipindi cha miezi 6. Faida ilikuwa ya wastani wa umati. Hawakusema "nunua hizi tatu kabla ya saa tatu asubuhi". Ukiwa na hisa tatu kutoka kwenye kampuni 60, huna wastani wa umati. Una bahati nasibu yenye mchoro.

Mwingine atanitajia Nicolas Darvas, mcheza dansi aliyeandika mwaka 1960 jinsi alivyopata dola milioni 2 kwa kununua hisa zinazopasua "maboksi" yake. Sawa, alipata. Nitajie wacheza dansi waliojaribu vile vile wakafilisika. Huwajui, hakuna aliyewachapishia kitabu. Ni yale yale ya mteja wangu: ukurasa wa historia uliofutwa zilizoshindwa.

Na kuna utafiti ambao hawautaji kabisa. Mwaka 2000 Carol Osler, akiwa Benki Kuu ya Marekani tawi la New York, alipima viwango vya dari na sakafu ambavyo kampuni za fedha za kigeni zilikuwa zikiwatumia wateja wao. Aligundua vina maana kweli. Bei ilipofika pale, mwendo wake ulikatika mara nyingi kuliko kwenye viwango vya kubahatisha. Mwendo ULIKATIKA. Yaani ushahidi huo unasema dari huzuia. Mtu anayekuuzia hisa iliyo chini ya dari kwa sababu itapasuka, anatumia hoja inayosema uwezekano wa kurudi si mdogo hata kidogo!

MASHARTI YANGU MANNE

Sisemi watu wasiandike programu za kuchuja hisa. Nimeziandika, na nitaendelea kuziandika. Orodha ya hisa zilizo karibu na bei ya juu ya mwaka ni mwanzo mzuri wa kujiuliza maswali: kwa nini soko limeanza kuipenda hii? Taarifa ya hesabu inasemaje? Kuna gawio? Kuna mtu anataka kuinunua kampuni? Kama orodha ya kusoma, ina faida. Kama amri ya kununua, ni hatari.

Anayetaka kutoza pesa kwa orodha hizo, atimize haya:

1. Atoe hisa ZOTE alizowahi kutaja, na tarehe, kabla jambo halijatokea. Akifuta moja tu, rekodi yote haina thamani.

2. Aonyeshe matokeo baada ya kutoa ada, siyo kabla.

3. Aondoe hisa ambazo kwa wastani haziuzwi hata kwa shilingi milioni moja kwa siku. Ni mstari mmoja wa programu. Kama hataki kuuongeza, jiulize kwa nini.

4. Aseme kama yeye mwenyewe anazo hizo hisa wakati anatuma ujumbe. Na atuonyeshe leseni, maana hapa Kenya kutoa ushauri wa uwekezaji kwa malipo ni kazi ya wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kikundi cha Telegram si leseni.

Hakuna sharti hata moja hapo linalohitaji teknolojia ngumu. Kuhifadhi rekodi zote ni rahisi kuliko kuzichagua, mwandishi yeyote wa programu anajua. Kufuta ndiko kunahitaji kazi ya ziada. Kwa hiyo ukiona ukurasa wenye ushindi mtupu, fahamu kuna mtu alikaa chini akafanya kazi hiyo ya ziada, na aliifanya kwa ajili yako.

Kwa wewe uliye na 1,500 mkononi mwezi huu: mistari saba nimekupa bure. Ichukue, ijaribu kwa karatasi miezi 6 bila kuweka hata senti. Andika kila hisa inayoitaja, iliyopanda na iliyoshuka, kwenye daftari la wino. Mwisho wa miezi 6 utakuwa na kitu ambacho hakuna kikundi hata kimoja kilichowahi kunionyesha.

Na nyinyi wauza orodha, najua mnanisoma. Nafasi ya maoni iko wazi hapa chini. Njooni na historia nzima, nami nitaichapisha kama ilivyo. Ila msije na mchoro mmoja.